Kuhakiki kisakinishi cha mchezo kwa cheksamu kabla ya kukifungua

Mwezi Juni 2023, watafiti wa usalama wa kampuni ya Cyble walieleza walichokikuta ndani ya kisakinishi kimoja cha mchezo wa bure wa Super Mario 3: Mario Forever kilichokuwa kikisambazwa mitandaoni. Aliyekifungua aliupata mchezo wenyewe, nao ulicheza bila hitilafu. Lakini pamoja nao zilijisakinisha kimyakimya programu nyingine mbili, moja ikitumia nguvu za kompyuta kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero, na nyingine ikifungua njia ya kuletwa Umbral Stealer, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na akaunti za Discord, Minecraft na Roblox. Ninaanza na kisa hiki kwa sababu kinagusa kosa ambalo wengi wetu tunalifanya, la kuamini kwamba mchezo ukishafunguka vizuri basi kisakinishi chake kilikuwa salama.

Kipimo sahihi hufanyika kabla ya kubofya kisakinishi, na kwa faili ya kawaida huchukua chini ya dakika moja. Kinaitwa cheksamu. Ni mfuatano wa tarakimu na herufi unaopatikana kwa kuikokotoa faili nzima, baiti kwa baiti, tangu mwanzo hadi mwisho wake. Faili ileile hutoa mfuatano uleule daima, kwenye kompyuta yoyote na kwa programu yoyote inayofuata kanuni ileile. Ikibadilika biti moja tu kati ya mabilioni, mfuatano unaotoka huwa tofauti kabisa na wa awali. Jina la faili na tarehe yake havimo katika hesabu hiyo, kwa hiyo kubadilisha jina hakuharibu kitu, na vilevile jina zuri halithibitishi chochote.

Kanuni za kukokotoa ziko kadhaa, na njia rahisi ya kuzitambua ni kuhesabu urefu wa mfuatano. CRC32 ina herufi 8, MD5 ina 32, SHA-1 ina 40, SHA-256 ina 64 na SHA-512 ina 128. Zote huandikwa kwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, kwa hiyo ukiona g au o ndani yake, ujue kuna kosa la kunakili. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua SHA-256. MD5, iliyobuniwa na Ronald Rivest mwaka 1991, ilivunjwa mwaka 2004, wakati Xiaoyun Wang na wenzake walipoonyesha faili tofauti zenye cheksamu moja. SHA-1 ilifuata mwezi Februari 2017, pale watafiti wa taasisi ya utafiti ya CWI ya Amsterdam na wa Google walipotoa nyaraka mbili za PDF zenye maudhui tofauti na cheksamu ileile. MD5 bado inafaa kugundua faili iliyoharibika njiani, maana mtandao unaokatika haupangi njama. Dhidi ya mtu anayekusudia kudanganya, usiitegemee endapo SHA-256 ipo.

Mfano nitakaoutumia ni OpenTTD, mchezo huria wa kuendesha kampuni ya usafirishaji, uliotokana na Transport Tycoon Deluxe ya mwaka 1995. Haulipiwi, na kisakinishi chake ni chepesi kiasi cha kumfaa hata mtu anayehesabu megabaiti za bando lake. Zaidi ya hayo, watengenezaji wake wana desturi ambayo ningependa kila mtengenezaji wa michezo aifuate: pembeni ya kila faili wanayoitoa huweka faili tatu ndogo zenye jina lilelile, moja ikiongezewa .md5sum, nyingine .sha1sum na nyingine .sha256sum. Toleo la 14.1 la mwaka 2024, kwa mfano, lina kisakinishi cha Windows kiitwacho openttd-14.1-windows-win64.exe, na faili ya cheksamu inayokifuata ni openttd-14.1-windows-win64.exe.sha256sum.

Pakua zote mbili na uziweke katika folda moja. Faili ndogo ni maandishi matupu. Ifungue kwa Notepad, nawe utaona mstari mmoja wenye herufi 64, kisha nafasi, alama ya nyota na jina la kisakinishi. Nyota hiyo si sehemu ya cheksamu. Inaeleza tu kwamba faili ilisomwa kama data ya mashine badala ya maandishi, kwa hiyo usiinakili pamoja na mfuatano.

Kwenye Windows huhitaji kusakinisha chochote. Fungua folda ulimowekea faili, shikilia Shift, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu ndani ya folda, kisha chagua kufungua PowerShell au Terminal, yaani dirisha la kuandikia amri. Andika amri hii:

Get-FileHash .\openttd-14.1-windows-win64.exe

Huna haja ya kuandika jina lote kwa mkono. Andika herufi chache za mwanzo na ubonyeze Tab, kompyuta italikamilisha yenyewe. Usipotaja kanuni, amri hii hutumia SHA-256. Kama tovuti imekupa MD5 peke yake, ongeza mwishoni maneno -Algorithm MD5. Jibu litatoka kwa herufi kubwa ilhali faili ya cheksamu imeandikwa kwa herufi ndogo; tofauti hiyo haina maana yoyote, kwa kuwa A na a hapa ni thamani moja.

Baada ya hapo wengi hulinganisha kwa macho, na macho huchoka haraka. Mtu hutazama herufi nne za mwanzo na nne za mwisho, akiona zinafanana huridhika. Herufi nane kati ya hizo ni biti 32 tu, ambazo uwezekano wake ni takriban bilioni 4.3, kwa hiyo mdanganyifu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuendelea kubadilisha sehemu isiyo na kazi ya faili yake hadi kichwa na mkia wa cheksamu vifanane na vya faili halisi. Iachie mashine kazi ya kulinganisha mfuatano wote:

(Get-FileHash .\openttd-14.1-windows-win64.exe).Hash -eq "bandika cheksamu ya mtengenezaji hapa"

Jibu ni True au False. Amri hii haijali herufi kubwa wala ndogo, lakini inajali nafasi: ukibandika mfuatano ukiwa na nafasi moja tupu mwishoni, utapata False ingawa faili ni nzima, kwa hiyo hakikisha alama ya kufunga nukuu inagusana na herufi ya mwisho.

Ikiwa unatumia dirisha la zamani la amri badala ya PowerShell, tumia hii:

certutil -hashfile openttd-14.1-windows-win64.exe SHA256

Usiliache neno la mwisho. Bila hilo, certutil kwa kawaida hukupa SHA-1, nawe utabaki ukishangaa kwa nini mfuatano wako una herufi 40 wakati wa mtengenezaji una 64. Aliye na 7-Zip, programu ya kubana faili, anaweza pia kubofya faili kwa kitufe cha kulia na kuchagua CRC SHA, kisha SHA-256. Njia hiyo inamfaa asiyependa kuandika amri, ila kulinganisha kutabaki juu yake mwenyewe.

Kwenye Linux kazi ni fupi zaidi, kwa sababu amri moja huisoma faili ya cheksamu, hukokotoa na kulinganisha:

sha256sum -c openttd-14.1-windows-win64.exe.sha256sum

Ukiona OK baada ya jina la faili, cheksamu zimelingana. Ukiona FAILED, hazikulingana. Kwenye macOS amri ni shasum -a 256 -c ikifuatiwa na jina lilelile la faili ya cheksamu. Na kwa kuwa wengi wetu bando liko kwenye simu, ambako tunapakulia kisha tunahamishia kwenye kompyuta kwa waya au flashi, ni vizuri kujua kwamba Termux, programu ya kuandikia amri kwenye Android, nayo ina sha256sum. Ukikokotoa kwenye simu kwanza na kwenye kompyuta baadaye, utajua kama uharibifu ulitokea wakati wa kupakua au wakati wa kuhamisha, na hutalazimika kupakua upya kitu ambacho simuni kiko kamili.

Sasa tuchukulie kwamba cheksamu zimekataa kulingana. Watu wengi hapa huhofia virusi mara moja, wengine hupuuza na kufungua faili hivyohivyo. Yote mawili ni haraka mno, kwa sababu tofauti ina vyanzo vingi na karibu kila kimoja kina dalili yake.

Anza na makosa yako mwenyewe. Je, urefu wa mifuatano miwili ni sawa? Kama si sawa, umelinganisha kanuni mbili tofauti. Je, umechukua cheksamu ya win32 wakati faili yako ni ya win64, au ya toleo la 14.0 wakati umepakua la 14.1? Makosa ya namna hii hutokea mara nyingi, hasa kwenye kurasa zenye faili kumi na kitu zinazofanana majina.

Kisha tazama ukubwa wa faili. Kisakinishi kinachopaswa kuwa na megabaiti kadhaa kikiwa na kilobaiti chache tu, mara nyingi ulichopakua ni ukurasa wa tovuti uliovalishwa jina la kisakinishi. Hutokea sana kwenye mitandao ya Wi-Fi ya hoteli na hosteli inayotaka uingie kwanza kabla ya kukuruhusu kuvinjari. Ifungue kwa Notepad bila kuiendesha. Ikianza na maneno ya HTML, jibu umelipata. Faili halisi ya Windows ya aina ya .exe huanza na herufi MZ, ambazo ni za kwanza za jina la Mark Zbikowski, mhandisi wa Microsoft aliyebuni muundo huo. Na kuna cheksamu mbili ambazo kila mpakuaji angefaa kuzitambua kwa sura: SHA-256 inayoanza na e3b0c442 na kuishia na 7852b855, na MD5 isemayo d41d8cd98f00b204e9800998ecf8427e. Hizo ni cheksamu za faili isiyo na kitu ndani yake. Ukiziona, upakuaji haukuleta hata baiti moja.

Ukubwa ukiwa sahihi lakini cheksamu tofauti, kokotoa mara ya pili faili ileile bila kuipakua upya. Majibu mawili tofauti kutoka faili moja ambayo haijaguswa ni dalili kwamba kasoro iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwenye diski au kwenye flashi, na hapo hata ukipakua mara kumi hutapona. Flashi bandia zinazodai gigabaiti 64 huku ndani zina 8 tu hufanya jambo linalofanana: hupokea faili yote bila kulalamika, kisha hurudisha takataka pale nafasi halisi ilipokwisha.

Kompyuta ikiwa haina kosa, pakua tena, ikiwezekana kwa mtandao mwingine, na ukokotoe. Hapa kuna jambo ambalo ninaomba lizingatiwe kuliko yote niliyotaja katika sehemu hii. Ikiwa upakuaji wa kwanza na wa pili umetoa cheksamu mbili zinazotofautiana zenyewe kwa zenyewe, mtandao ndio unaoharibu. Ikiwa mara zote mbili upakuaji umetoa cheksamu moja ileile, nayo si ile iliyotangazwa, basi mtandao haukukosea. Seva inakupa faili nyingine. Huenda mtengenezaji ametoa faili mpya akasahau kubadilisha cheksamu, na huenda mtu amebadilisha faili. Huwezi kutofautisha hayo mawili ukiwa nyumbani, kwa hiyo usiifungue. Mwandikie mtengenezaji, umpe cheksamu uliyoipata.

Kwa faili kubwa, kurudia upakuaji ni gharama inayouma. Niliwahi kukesha nikipakua kisakinishi cha gigabaiti 6 kwa bando la usiku, mtandao ukakatika mara kadhaa na kivinjari kikaendelea kila mara kilipoishia, na asubuhi usakinishaji ukakwama katikati. Siku hizi, mchezo unapotolewa pia kwa torenti, njia ya kupakua vipande vya faili kutoka kompyuta za watu wengi, kama 0 A.D. ya Wildfire Games ambayo kisakinishi chake kinazidi gigabaiti moja, ninatumia torenti hiyo kutibu faili iliyoharibika: ninaiweka faili yangu mbovu katika folda ambamo programu ya torenti inatarajia kuikuta, kwa jina lilelile, kisha ninaiamuru ikague upya. Torenti huigawa faili katika vipande, na kila kipande kina cheksamu yake; programu hubaini vipande vilivyoharibika na kuvipakua hivyo peke yake. Faili ya gigabaiti moja iliyoharibika mahali pawili inaweza kupona kwa megabaiti chache.

Hadi hapa nimezungumzia cheksamu inayokataa. Inayolingana nayo ina swali lake: umeipata wapi? Mtu aliyeweza kubadilisha kisakinishi kwenye tovuti anaweza pia kubadilisha mfuatano ulioandikwa chini yake, na vyote viwili vitalingana kikamilifu. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo endeshi wa kompyuta, na kubadilisha viungo, ili waliotaka toleo la 17.3 la Cinnamon wapelekwe kwenye faili yenye mlango wa siri. Mwenye uwezo wa kubadilisha kiungo katika ukurasa hashindwi kubadilisha na tarakimu katika ukurasa huohuo.

Kisa cha HandBrake, programu ya kubadilisha video, kinaonyesha upande wa pili. Kati ya tarehe 2 na 6 Mei 2017, seva moja kati ya mbili za kupakulia iliingiliwa, na faili ya Mac ikabadilishwa na nyingine yenye programu hasidi iitwayo Proton. Tovuti kuu haikuguswa. Katika hali kama hiyo, aliyechukua cheksamu kwenye tovuti kuu na faili kwenye seva iliyoingiliwa angeona mara moja kwamba havilingani. Mmoja wa waanzilishi wa Panic, kampuni ya Marekani iliyochapisha mchezo wa Firewatch, alisakinisha faili hiyo, na kampuni ikaibiwa msimbo wa programu zake kadhaa.

Kwa hiyo cheksamu ipite njia yake na faili ipite yake. Kama unapakua kutoka seva ya kioo, yaani seva nyingine yenye nakala za faili za mtengenezaji, au kwa torenti, chukua cheksamu kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, kwa anwani inayoanza na https. Kama unapakua kwenye tovuti ya mtengenezaji, tafuta cheksamu hiyohiyo mahali pengine anapoitangaza, kama vile hifadhi yake ya GitHub, ambako tangu Juni 2025 faili mpya zinazowekwa kwenye matoleo huonyeshwa pamoja na SHA-256 yake. SourceForge nayo huonyesha SHA-1 na MD5 ukibofya alama ya i iliyo pembeni ya jina la faili. Tovuti za watu wa tatu zinazokusanya visakinishi na kuvipa cheksamu walizokokotoa wenyewe hazikuthibitishii kitu. Zinakuambia tu kwamba umepokea walichokuwa nacho.

Michezo mingi haina cheksamu iliyotangazwa popote. Kwenye Windows unaweza basi kubofya kisakinishi kwa kitufe cha kulia, kufungua Properties na kutazama kama kuna kichupo cha Digital Signatures. Sahihi iliyo halali yenye jina la mtengenezaji unayemtarajia ni ushahidi mzuri, wenye nguvu kuliko cheksamu iliyo kwenye ukurasa uleule wa faili. Unaweza pia kukokotoa SHA-256 yako na kuitafuta kwenye VirusTotal, tovuti ya kukagua faili, bila kupakia faili yenyewe, jambo linalotumia data kidogo mno. Kama faili iliwahi kuchunguzwa huko utaona majibu ya programu nyingi za kukagua virusi. Kama haijawahi kuonekana, usilichukulie hilo kuwa kibali: kisakinishi cha mchezo unaojulikana duniani kote kinapokuwa hakijaonwa na mtu mwingine yeyote, kuna sababu ya kusita.

Na visakinishi vikubwa vilivyogawanywa, ambavyo vina faili moja ya .exe na nyingine kadhaa za .bin, vikaguliwe kila kipande peke yake. Kukagua .exe na kuyaacha mafaili ya .bin ni kuacha sehemu kubwa ya mchezo bila kuguswa.

Jambo la mwisho linahusu flashi, kwa kuwa kwetu mchezo mmoja uliopakuliwa huzunguka kwa marafiki kumi. Kabla ya kuitoa folda yako, ingia ndani yake kwa PowerShell na utengeneze orodha ya cheksamu za faili zote:

Get-ChildItem -File -Recurse | Get-FileHash | Format-List Hash, Path | Out-File ..\orodha.txt

Alama mbili za nukta huiweka orodha nje ya folda unayoikagua. Usiinakili kwenye flashi hiyohiyo, maana virusi vya flashi vinavyogusa kisakinishi vinaweza kugusa na kila kilicho karibu nacho, na mtu aliyeazima flashi katikati ya safari anaweza kufanya vivyo hivyo. Mtumie rafiki yako orodha hiyo kwa ujumbe wa simu, naye akishapokea flashi akokotoe kwenye kompyuta yake na kulinganisha na ujumbe uliomtumia.